Susu na Baba Kwenye Choma Moja

Kwetu Kwa Vonza kuna mahali pa nyama choma ambapo kila Jumapili, ibada ikiisha, nusu ya kanisa huhamia bila kutangaza. Si kwamba tunaenda baa. Hakuna mtu wa kanisa letu anayeenda baa. Tunaenda bucha. Ni bahati mbaya tu kwamba bucha yenyewe iko ndani ya baa, na ndani ya hiyo baa kuna bendi, na bendi huanza kupiga saa ile ile ambayo wazee wa kanisa hushikwa na njaa.

Zamani mahali hapo palikatwa katikati na ukuta wa mabati. Ukuta ulianzia karibu na geti ukaenda hadi kwenye jukwaa. Upande wa kushoto ulikuwa wa bucha: mabenchi marefu, soda, watoto, na kina mama wenye Biblia kwenye mikoba. Upande wa kulia ulikuwa wa baa: viti vya plastiki, chupa za kahawia, na vicheko ambavyo huwezi kujua vimetokana na nini. Jukwaa lilikaa kule mbele kabisa, kwa hivyo bendi ilionekana na wote, waliookoka na wanaofikiria. Dhambi na wokovu vilitenganishwa na mabati ya geji thelathini yenye matundu ya misumari, na kwa matundu hayo mimi nilipata elimu ambayo shuleni haifundishwi.

Wateja wa pale wana tabia zao. Kwanza, hakuna anayemwamini mchomaji. Ukishachagua nyama yako na kupimiwa, unaifuata mpaka kwenye moto kama mtu anayesindikiza mgonjwa hospitali. Kuna mwalimu mstaafu ambaye hufunga paja lake la mbuzi kwa uzi wa katani ili lisibadilishwe, halafu uzi ukiungua anaanza kumshtaki kila mtu. Kuna mama mmoja wa kwaya anayesimama kando ya jiko akiimba tenzi polepole huku jicho halitoki kwenye mbavu zake. Wanafunzi wa chuo nao huja wengi kama nzige, wananunua robo kilo, wanaagiza kachumbari na ugali, kisha wanakaa hapo mpaka kiti kinawajua kwa umbo. Wakiona bendi imeanza wanapiga kelele kana kwamba wamelipia.

Na kuna naibu wa mwalimu mkuu wa shule yetu. Huyo nilimwona kupitia tundu la msumari, Jumapili moja, akicheza na kiti. Si kwamba alikuwa ameketi kwenye kiti. Alikuwa amekishika kiti mgongoni, wanazunguka. Aliinua macho akaona jicho kwenye mabati. Sijui alijuaje ni langu, lakini Jumatatu kwenye gwaride, alipokuwa akikemea wavulana ambao hawakuchomekea shati, alifika kwangu, akatazama shati langu linaloning'inia kama bendera, akameza mate, akapita. Tangu siku hiyo tunaheshimiana sana.

Lakini hadithi ninayotaka kusema si ya naibu. Ni ya susu na baba.

Susu ni mama ya mama yangu; ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya. Anakaa karibu na soko, nyumba ambayo ukipiga chafya barabarani anakuombea afya. Mimi ananiita mume wake, kama susu wengi wa huku wanavyowatania wajukuu, na akinituma dukani nikachelewa ananiuliza mbele za watu kama nimeoa mwingine. Baba naye ni dereva wa lori la maji. Wiki nzima anapeleka maji Zombe, Kanyangi na kwingine kote ambako mito imebaki mchanga mtupu. Ni mtu mkimya. Akisema sentensi moja anapumzika.

Sasa, kwa Wakamba, mwanaume na mama mkwe wake hawazoeani. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni, hawakai meza moja, na hasa hasa hawali mmoja akimwona mwenzake. Wakikutana njiani, mmoja anaacha njia. Tunaiita nthoni. Si chuki. Ni heshima iliyozidi mpaka ikawa kazi.

Wengi siku hizi wameiacha. Jirani yetu hupanda pikipiki na mama mkwe wake, tena mama amemshika kiuno kabisa. Mchungaji alimwambia susu kwamba mambo hayo ni ya kale na aliyeokoka amewekwa huru. Susu alimsikiliza hadi mwisho, akamwongezea chai, akasema, "Mchungaji, nimeokoka. Sijasema nimepoteza haya."

Kwa hivyo ule ukuta wa mabati ulikuwa baraka. Susu alikaa upande wa bucha, benchi la mbele, na wenzake wawili wa kanisani. Baba alikaa upande wa baa, na chupa yake moja ambayo aliinywa kama dawa, kidogo kidogo. Kila mmoja alijua mwenzake yuko. Hakuna aliyejua rasmi. Mimi nilianza kula kwa susu, nyama yake ikiisha nikazunguka mpaka kwa baba. Nilikuwa raia wa nchi mbili, na nchi zote zilikuwa na nyama.

Mama hakuwa akija. Yeye alisema Jumapili alasiri Mungu aliiumba kwa ajili ya usingizi.

Usifikiri susu alifuata nyama. Nyama alinunua kidogo tu, laini, ya kuchezesha meno. Alifuata besi. Waimbaji hakuwajali, alisema wanapiga kelele tu kama watu waliopoteza ng'ombe. Lakini yule mpiga besi, mzee mmoja mwembamba asiyecheka, susu alimtazama kama mtu anayesoma. Siku za kazi alishinda nyumbani peke yake akichagua mawe kwenye ndengu, magoti yamekataa kwenda mbali, redio ikimsemesha. Tangu umau, yaani babu, atutoke, safari zake zilikuwa kanisani na kwenye choma. Kanisani alienda kwa ajili ya roho. Kwenye choma alienda kwa ajili ya magoti. "Ile besi," aliniambia, "inaingia hapa ndani inayapaka mafuta." Na kweli, ukitazama chini ya benchi, chini ya lile rinda lake refu, ungeona kiatu kimoja kinapigapiga udongo taratibu, kama mtu anayebisha mlango wa jirani asiyetaka kumwamsha.

Halafu mwenye choma akang'oa ukuta.

Mwenye choma ni mwanamke mnene mwenye sauti inayofika kabla yake. Aliamua kujenga vyoo vipya, akakosa mabati, akatazama huku na huku, akaona mabati yamesimama tu hapo katikati hayafanyi kazi. Jumapili moja tulifika tukakuta uwanja wazi. Mabati yetu yalikuwa juu ya vyoo, kule nyuma.

"Wateja wanataka kupumua!" alisema, akinyoosha mikono. "Siku hizi ni mambo ya wazi!"

Wanafunzi wa chuo walipiga makofi. Wale wa kanisa walisimama getini, kila mmoja na mkoba wake kifuani, kama watu waliovuliwa nguo. Hata hivyo harufu ya mafuta yanayodondokea kwenye makaa ina nguvu kuliko aibu. Polepole waliingia, wakaketi upande ule ule wa kushoto, wakawa wanatazama mbele tu kana kwamba ukuta bado upo.

Susu alikuwa ameshaagiza nyama. Alikuwa ameshaketi. Baba akaingia getini, akifuta jasho, akainua kichwa.

Sijawahi kuona mwili mkubwa hivyo ukigeuka haraka hivyo. Kofia yake ilibaki imetazama mbele. Alitoka kwa geti kubwa. Na susu, ambaye magoti yake huwa hayataki hata kupanda ngazi moja, alikuwa ameshapita kando ya jiko, ametokea kwenye kile kigeti kidogo cha nyuma cha kupitishia kuni. Mmoja barabara ya Kitui, mwingine njia ya shamba. Nikabaki mimi katikati na nyama ya susu juu ya ubao.

Nilikula. Ningefanya nini? Mtu lazima abaki kulinda heshima ya familia.

Jumapili iliyofuata susu hakwenda. Nilimkuta nyumbani amevaa nguo zake za kanisa bado, amekaa mlangoni na ungo wa ndengu. Jumapili! Susu ambaye hata kushona kifungo Jumapili haruhusu. Bendi ilikuwa imeanza, ilisikika kutoka sokoni, lakini kwa umbali huo unasikia waimbaji tu. Besi haifiki.

"Susu, twende."

"Niende wapi? Yule ni mtu anaamka usiku kuendesha lori. Wiki nzima anameza vumbi. Hiyo siku moja ndiyo yake. Mimi nikienda, yeye atakimbia."

Nikaenda nyumbani kumwita baba. Nilimkuta chini ya lori lake, analitazama tu, halijaharibika.

"Baba, huendi?"

"Yule mama anakaa peke yake," akasema. Akapumzika. "Ni siku yake."

"Lakini yeye haendi kwa sababu yako."

"Na mimi siendi kwa sababu yake."

"Kwa hivyo hakuna anayeenda."

Akafikiria. "Wewe nenda," akasema.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa wiki kadhaa. Mtu mzima chini ya lori zima, na mtu mzima mwingine mlangoni akichagua ndengu ambazo zilishachaguliwa. Mwanzoni nilicheka, kwa sababu mimi hucheka kwanza. Halafu nikaona susu ameanza kushika ukuta akitoka nje. Akaniambia magoti yanalia. Mmoja wa wenzake wa kanisani alipita kumwuliza mbona haonekani kwenye nyama, akajibu kwamba meno hayana nguvu. Susu ana meno kuliko mimi. Nikajua kama hili jambo halitatengenezwa, susu atakaa pale mlangoni mpaka alasiri zake zote ziishe.

Mama alijaribu. "Nyinyi watu wawili mnanichosha," alimwambia baba wakati wa chakula. "Kuna njia. Peleka mbuzi mwingine juu ya wale wa mahari, waitwe wazee wachache, hiyo nthoni iondolewe, kila mtu akae anapotaka."

Baba alitafuna muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, muda mrefu. "Tutaona," akasema, na kwa baba "tutaona" ni jina lingine la hapana.

Kwa hivyo nilitumia kichwa changu, kile ambacho walimu husema kina akili ila kimeajiriwa na shetani. Nilifikiria hivi: shida ni uso. Hakuna mahali nthoni imekataza mgongo. Jukwaa liko mbele na kila mtu anatazama jukwaa. Baba akikaa meza ya mbele kabisa, chini ya spika, hatamwona mtu yeyote isipokuwa bendi. Susu akikaa nyuma kabisa, karibu na jiko, hataona chochote cha baba isipokuwa shati. Yeye hatazamwi, baba hatazami. Kila mtu anakula akiwa na amani.

Nilipeleka mpango kwa susu. "Na akigeuka?" akauliza.

"Hatageuka."

Nikapeleka kwa baba. "Na nikitaka kwenda haja?" akauliza.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Vyoo vilikuwa nyuma, vile vile vya mabati yetu. Tukakubaliana kwamba baba akitaka kwenda ataninyooshea mkono, nami nitatangulia kama pikipiki ya msafara wa gavana, nimfikie susu, susu afungue mwavuli wake mweusi na kujifunika kabisa, baba apite akitazama miti ya upande wa pili, arudi, nami nigonge mwavuli kuonyesha kuko salama.

Na wakaja! Wote wawili. Susu alifika mapema akiwa na wenzake, akaketi nyuma. Baba alifika baadaye akiwa ameinamisha kichwa, akashika meza ya mbele ambayo hakuna mteja huitaka kwa sababu spika ya pale inaweza kukung'oa meno. Kila mtu aliyekuwa na umri alielewa mara moja. Mwalimu mstaafu alisimamisha kesi yake ya uzi ili tu atazame mwavuli ukifunguka na kufungwa. Mwenye choma alisimama akaweka mikono kiunoni. "Mwaitu," akamwambia susu kwa heshima, maana ndivyo tunavyowaita kina mama wa umri ule, "mbona hukuniambia kuhusu huo ukuta? Ningejenga choo cha matofali."

"Choo ni muhimu," susu akasema. "Endelea."

Basi Jumapili zikarudi. Kiatu kikarudi chini ya benchi. Na jambo jipya likatokea ambalo sikulitarajia. Wakati wa ukuta, susu hakuwahi kumwona baba. Sasa alikuwa na mgongo wake mbele ya macho alasiri nzima, akaanza kuujua. Aliniita siku moja.

"Mume wangu, kola ya shati ya baba yako imefumuka. Mwambie mama yako ashone. Usiseme ni mimi."

Wiki nyingine akaniambia, "Bega lake la kulia limeshuka. Hilo lori usukani wake ni mzito. Mwambieni apakwe kitu." Wiki nyingine, "Leo amechoka. Tazama vile shingo imekaa. Mpelekee hii," akanipa kipande chake cha ini, kile bora. Nikakipeleka. Njiani kilipungua kidogo, lakini kilifika.

Baba alikitazama. Hakuuliza kimetoka wapi. Alikula polepole, akiwa amenyoosha mgongo, kama mtoto anayejua mwalimu yuko nyuma ya darasa.

Na ile spika. Kila Jumapili jioni baba alirudi nyumbani akisema "Eeh?" kwa kila jambo. Mama alilazimika kumwambia kwa mikono kwamba chakula kiko tayari. Susu alisikia hilo kutoka kwangu, nami nililisimulia kwa maigizo, nikitarajia acheke. Hakucheka. Alitazama ule mgongo kule mbele chini ya kelele zote zile.

"Ameketi pale kwa ajili yangu," akasema.

Halafu akafanya jambo ambalo linafanywa na wateja wote wa pale ila yeye hakuwahi kulifanya. Alituma salamu. Pale kwetu ukitaka kumheshimu mtu unamtuma mtu mbele kwa bendi, na mwimbaji anamwingiza yule mtu ndani ya wimbo: anamsifu, anasema anatoka wapi, watoto wake, ng'ombe wake, hata kama ng'ombe hana. Susu alitaka baba aingizwe kwenye wimbo. Asitajwe jina, maana jina la mkwe halitajwi ovyo. Iimbwe tu kwamba kuna mtu anawaletea watu maji, na kuna mzazi anamshukuru. Mwimbaji ni Mkamba wa Makueni, mtu mzima. Angejua kabisa la kufanya.

Nikapeleka ujumbe. Lakini siku hiyo kulikuwa na mshereheshaji mpya. Alikuwa kijana wa Mombasa, mchangamfu, shati la maua, Kiswahili kinateleza kama sabuni. Aliupokea ujumbe kabla haujamfikia mwimbaji. Akafurahi kwa moyo wote. Akashika maikrofoni.

"Mabibi na mabwana! Leo tuna jambo la kheri. Kuna mama mkwe hapa, amempenda mkwewe, amemtumia salamu! Wangapi hapa mnapendwa na mama wakwe zenu?"

Wanafunzi wa chuo wakapiga kelele. Wazee wote wakanyamaza kwa pamoja. Hata moto ulipunguza kutoa sauti.

"Basi hatutaki salamu za mbali," akaendelea. "Mama wa watu naomba apite hapa mbele, na mkwe asimame palepale, tuwaone wakikumbatiana, wacheze!"

Mtu asiye wa huku hawezi kuelewa. Ilikuwa kana kwamba amewaambia wavue nguo. Niliona mgongo wa baba ukikakamaa. Nikamwangalia susu: amefumba macho. Nilijua vizuri sana kitakachofuata. Akitazamana na baba uso kwa uso mbele ya soko zima, mikono imenyooshwa wakumbatiane, hatakanyaga tena pale. Wala baba. Wangerudi kwenye ndengu na kwenye lori, na safari hii hata mimi nisingewatoa.

Kijana wa Mombasa alishuka kwenye jukwaa akaja moja kwa moja hadi kwa susu, akamshika mkono kwa adabu nzuri kabisa. "Mama yangu, twende taratibu."

Kumkatalia mgeni mbele za watu nayo ni aibu. Susu akasimama. Na akafanya kitu ambacho hakuna aliyemfundisha: aligeuka. Akamwachia yule kijana mkono mmoja, uso akauelekeza kwenye jiko, akaanza kwenda mbele kinyumenyume. Hatua ndogo, kiatu kimoja, kiatu kingine.

Kule mbele, baba naye alikuwa amefanya hesabu zake. Njia ya kutoka ilikuwa nyuma, na nyuma ndiko kwenye mama mkwe. Kugeuka haiwezekani. Akasimama, macho kwenye ngoma za bendi, akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea getini, mikono imeachana kidogo kama mtu anayevuka mto.

Sasa picha ni hii: susu anaenda mbele kinyumenyume, baba anakuja nyuma kinyumenyume, wanakaribiana, na hakuna anayeona anakokwenda. Mimi nilikuwa juu ya benchi. Niliwapungia mikono, kana kwamba migongo ina macho.

Mzee wa besi ndiye aliyeona. Yule asiyecheka. Bila kumwambia mtu aliingiza mlio, mzito, wa polepole, ule wa mtu anayetembea akiwa hana haraka. Gitaa likamfuata. Ngoma zikamfuata. Na mara hatua za susu zikaacha kuwa za kukimbia zikawa za kucheza. Mabega yakaanza kuongea. Baba akasikia, na baba, dereva wa lori, mtu wa sentensi moja, akakunja magoti.

"Aiya! Hiyo ni staili!" mwanafunzi mmoja akapiga kelele. Naye akageuka, akaanza kucheza kinyumenyume. Wenzake wakageuka. Mama wa kwaya, akiwa bado na jicho moja kwa mbavu zake, akageuka. Mwalimu mstaafu akageuka, akakanyaga bakuli la kachumbari. Kwa muda mfupi choma nzima ilikuwa inarudi nyuma, watu wakigongana makalio na kuombana msamaha, na naibu wa mwalimu mkuu alinipita akirudi nyuma kwa ustadi wa mtu aliyefanya mazoezi ya siri.

Susu na baba wakafika. Kati ya migongo yao ilibaki nafasi ya meza moja tu, nao wote wawili wakasimama hapo hapo, sijui walijuaje. Wakacheza. Mmoja akitazama jiko, mwingine akitazama jukwaa. Kijana wa Mombasa alikuwa ameuachia mkono wa susu, amebaki mdomo wazi. Mwenye choma alimsogelea akamnong'oneza sikioni kwa ile sauti yake, kwa hivyo tulisikia wote: "Kijana, huku mkwe na mama mkwe hawatazamani." Yule kijana akashika kichwa kwa mikono yote miwili, akasema, "Subhanallah, nisameheni wazazi," naye akageukia uzio, hata yeye, kwa heshima.

Na hapo mwimbaji, aliyekuwa ameelewa yote, akaimba salamu kama zilivyotumwa. Hakutaja jina. Aliimba kuhusu mtu anayepita Zombe na Kanyangi na maji, na mzazi anayemwona akipita. Baba aliinamisha kichwa. Mgongo wake ulitikisika kidogo, na sitasema zaidi, kwa sababu ni baba yangu na anajua ninakolala.

Wimbo ulipoisha, baba alitoka kwa pembeni, kama kaa, uso kwenye uzio. Susu alirudi kwenye benchi lake akishikwa na wenzake, akitoa jasho, akiuliza nani amekula nyama yake.

Nyumbani mama aliposimuliwa alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Kisha akajipangusa macho akamwambia baba, bila mzaha, "Sasa yatosha. Peleka huyo mbuzi. Muwe watu wa kawaida."

Baba alinitazama mimi. "Muulize yeye anatakaje," akasema.

Kesho yake baada ya shule nikaenda kwa susu. Alikuwa uani, amesimama, hajashika ukuta, anaanika nguo. Nikamwuliza kama anataka nthoni iondolewe. Alibana kibanio kimoja, akachukua kingine.

"Ikiondolewa nitalazimika kuongea naye," akasema. "Tutaongea nini? Bei ya dizeli? Hapana. Tuko sawa vile tuko." Halafu akainama kidogo, akashusha sauti kama mtu anayeogopa nguo zitasikia. "Lakini mwambie baba yako anacheza kama mtu anayetafuta choo gizani."

"Susu! Si hukumwona?"

"Upepo wake ulinifikia."

Nikaenda kumpelekea baba, neno kwa neno, sikupunguza hata kidogo. Alikuwa anapanguza kioo cha lori. Kitambaa kikasimama.

"Amesema hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Akatazama kama kuna mtu barabarani, hakukuwa na mtu. Akaweka kitambaa juu ya boneti, akakunja magoti, akarudi nyuma hatua kadhaa kando ya tairi, bega moja, bega lingine, akasimama.

"Na hivyo?" akaniuliza.

"Bado, baba."

"Basi mwambie bado najifunza," akasema, akachukua kitambaa. "Mwambie mpaka Jumapili."